Damu ya Pua ya Kushoto

Siku Kasian Kalinga alipokosekana ilikuwa Jumanne, na wa kwanza kugundua walikuwa farasi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwafungulia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Siku hiyo saa moja ilipita, ukungu ukaanza kupanda kutoka kwenye mashamba ya chai, na farasi wote wakawa wanapiga milango kwa mateke. Wote isipokuwa mmoja. Mlinzi alipokwenda kutazama alimkuta Brigedia, yule mkubwa wa rangi ya kahawia, amelala ubavu, na ukuta wa kushoto umelowa damu mpaka kimo cha kifua cha mtu. Chumba cha Kasian kilikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Buti zake za mpira zilikuwa mlangoni. Mwenyewe hakuwepo.

Saa tano Sajenti Verediana wa idara ya upelelezi alifika kutoka Mafinga kwa pikipiki ya kituo. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Ilula, mwenye tabia ya kumwacha mtu aongee mpaka achoke.

Didas, meneja wa shamba, hakuchoka upesi.

"Andika, Afande. Sumu ya panya. Pakiti tumeikuta chini ya kitanda chake, imefunguliwa. Mnyama katoka damu mpaka kafa. Sumu ya panya si ndiyo inafanya hivyo? Nimesoma kwenye pakiti."

"Umesoma saa ngapi?"

"Leo asubuhi."

"Kabla ya kutupigia simu au baada?"

Didas alimtazama. "Kuna tofauti gani?"

"Sijui bado. Endelea."

"Wiki iliyopita aliomba ruhusa ya siku saba akajengee kaburi la mzee Amos. Nikamkatalia, maana tuna wageni wanakuja kupanda farasi. Akanijibu vibaya."

"Alijibuje?"

"Alisema, 'Sawa, Meneja.'"

"Hayo ndiyo majibu mabaya?"

"Ungeisikia sauti yake, Afande."

Verediana aliandika maneno yale mawili kama yalivyo. "Mzee Amos ni nani?"

"Alikuwa mtunza farasi kabla yake. Ndiye aliyemfundisha kazi. Alifariki mwezi wa nne, miezi miwili sasa. Kijana alimfanya kama baba."

"Na Kasian atakuwa amekwenda wapi?"

"Ana dada yake Ilula, anauza nyanya pale barabarani. Huko kwenu."

"Nani kakwambia kwetu ni Ilula?"

"Unavyoongea tu. Hamjifichi nyie."

Verediana alimpigia simu askari mwenzake wa Ilula. Alipotoka nje aliwaona vibarua wanne wanachimba nyuma ya banda, shimo limeshafika magotini.

"Hilo la nini?"

"Tumzike," alisema Didas. "Jua likitoka atanuka."

"Hakuna kuzika. Huyu ni kielelezo."

"Kielelezo cha kilo mia tano?"

"Mfunikeni turubai. Na hapa Mufindi jua mmelionea wapi?"

Vibarua walicheka. Didas hakucheka.

Ndani ya banda Verediana alichuchumaa kwa muda mrefu. Damu sakafuni ilikuwa imeganda mabonge mazito kama maini. Akalisukuma bonge moja kwa kijiti, likasogea zima zima. Kisha akatazama pua. Tundu la kushoto lilikuwa limeziba kwa damu. La kulia lilikuwa na mchirizi mwembamba tu. Akapandisha macho ukutani, karibu na hori la kulishia, akaona kitu ambacho hakikufanana na mengine: matone madogo, meusi, yamekauka na kushika vumbi. Hayakuwa ya siku hiyo. Kwenye ndoo ya maji kulikuwa na vipande vya majani yaliyotafunwa, vinaelea katika ute.

Alipiga picha kila kitu.

"Meneja, huyu farasi alishawahi kutoka damu kabla ya leo?"

"Hapana."

"Hata tone?"

"Hata tone. Lingetoka ningeambiwa."

Jibu lilikuja haraka mno. Verediana aliliandika, akaweka mstari chini yake. Jioni simu ya Ilula ilirudi: yule dada hajamwona kaka yake tangu Pasaka, na watu wa nyanya wote wanasema hivyohivyo.

Kesho yake, Jumatano, Daktari Ipyana aliwasili kutoka Mbeya na pikapu yenye masanduku matatu. Alikuwa daktari wa mifugo, mmoja kati ya wachache nyanda za juu waliowahi kutibu farasi, na kituo kilikuwa kimemwomba aje.

"Ugonile, Sajenti," alisalimia.

"Nimelala kidogo, Daktari. Mtu wa Mbeya umekuja bila ndizi?"

"Nimekuja na kisu. Ndizi tutakula tukimaliza, kama utakuwa bado una hamu."

Alivaa glavu na aproni, akampasua Brigedia mbele ya Verediana na Didas. Alianza mbali na kichwa. Akafungua magoti, akachuna ngozi ya kifua, akatazama tumbo.

"Sumu ya panya iliyotosha kumuua mnyama huyu ingevujisha damu kila mahali," alisema. "Kwenye viungo, chini ya ngozi, tumboni. Na damu yenyewe isingeganda. Sajenti, uliniambia mabonge?"

"Kama maini."

"Basi tuhamie kichwani."

Didas alikohoa. "Labda ni sumu nyingine."

"Labda," alisema Ipyana bila kuinua macho. "Farasi ana kitu ambacho mimi na wewe hatuna. Nyuma ya taya, kila upande, ana mfuko wa hewa. Ukiujaza chai unapata vikombe viwili hivi. Na kwenye dari ya mfuko huo unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Shika hapa, Sajenti, uvutie kwako."

Mfuko wa kulia ulikuwa safi, una rangi ya waridi. Wa kushoto ulipofunguka, Verediana aliona utando mweusi wenye kijivu na kijani kibichi, umeshika dari kama mkate uliosahaulika kabatini. Ipyana aliubandua taratibu. Chini yake, kwenye ukuta wa mshipa, palikuwa na tundu ambalo kichwa cha njiti ya kiberiti kingeingia.

"Kuvu," alisema. "Imekula dari, ikafika kwenye mshipa, ikautoboa. Ukishatoboka mshipa huu, hata mimi ningekuwa nimesimama hapa na masanduku yangu yote, ningemtazama anakufa."

"Kwa usiku mmoja?"

"Kwa wiki kadhaa. Na mnyama alitoa taarifa. Kope ya kushoto inalegea. Jasho linatoka upande mmoja wa shingo. Akinywa, maji na majani vinarudi kupitia puani. Halafu tone la damu. Siku chache baadaye tone jingine. Halafu hii."

"Kwa hiyo mtunzaji wake aliona."

"Kama ana macho."

"Na kama aliona, akanyamaza?"

"Hilo ni lako, Sajenti. Mimi naishia kwenye taya."

Didas alidaka palepale. "Si unaona, Afande! Aliona mnyama anaumwa, akanyamaza makusudi mpaka kafa. Hiyo si sawa na sumu? Tena ni mbaya zaidi. Mahakamani afungwe."

Verediana alimtazama. Jana mtu huyu alikuwa na uhakika wa sumu. Leo sumu imemtoka mkononi, na katika pumzi moja ameshapata kosa lingine la mtu yuleyule.

Ipyana aliwapima farasi saba waliobaki. Kila mmoja alimdunga dawa ya kumtuliza, akampitishia puani kamera ndefu nyembamba kama mpira wa dripu, picha ikaonekana kwenye kioo kidogo. Sita walikuwa wazima. Wa saba alikuwa Tabitha, jike la kijivu lililokuwa likilala chumba cha jirani na Brigedia. Hakutaka kushikwa kichwa. Alimrusha Didas mpaka ukutani, na ilibidi adungwe mara mbili. Kamera ilipoingia upande wa kushoto, kwenye dari kulikuwa na baka la ukubwa wa sarafu, jeupe, lenye pindo jeusi.

"Huyu naye," alisema Ipyana. Alipitisha brashi ndogo, akachukua ute, akautia kwenye vichupa viwili vya kupeleka maabara. "Watanithibitishia ni kuvu ya aina gani. Lakini siwezi kukaa nikisubiri majibu."

"Anapona?"

"Kwanza ni kuufunga mshipa huu kwa uzi kabla haujatoboka. Damu itapita upande wa pili. Ni kumlaza kwa dawa ya usingizi, na farasi akilala, kuamka ndiyo shughuli. Akiamka, tunamwagia dawa ya kuua kuvu humo humo ndani ya mfuko, kwa mpira mwembamba, kila siku, wiki tatu au zaidi. Atahitaji mtu anayemkubali kichwani. Na yote hayo ni kazi bure kama ataendelea kuvuta vumbi lenye kuvu. Nionyesheni anachokula."

Stoo ya majani ilikuwa nadhifu. Marobota yalipangwa mpaka dari, makavu, yana harufu tamu. Ipyana alichomoa majani ya juu, ya kati na ya chini, akanusa.

"Haya ningeyalalia mimi mwenyewe," alisema.

Verediana hakutazama marobota. Alitazama sakafu. Katika kona ya nyuma saruji ilikuwa na alama nyeusi ya unyevu, yenye pembe nne, inayotosha marobota kumi na kitu, na juu yake hapakuwa na kitu. Akazunguka nyuma ya stoo. Kulikuwa na jivu jingi, na ndani ya jivu kamba za nailoni zilizoyeyuka na kushikana. Aliweka kiganja. Lilikuwa bado na joto kwa chini.

"Meneja, ulichoma nini?"

"Takataka."

"Lini?"

"Sikumbuki. Wiki iliyopita."

"Hili ni jivu linalotunza moto kuliko jiko la mama yangu."

Hakusubiri jibu. Alikuwa ameliona robota moja getini, limekaliwa na mlinzi. Alimwendea, wakasalimiana, akamwomba anyanyuke.

"Hili umelitoa wapi, baba?"

"Jana asubuhi, Afande. Meneja alikuwa anayatoa yale ya kona, nikabakiza moja la kukalia."

"Jana asubuhi wakati gani?"

"Tulipomaliza kumwona Brigedia. Kabla hujaja."

Ipyana alikata kamba kwa kisu. Robota lilifunguka na vumbi la kijivu likafuka kama moshi. Daktari alirudi nyuma, akaziba pua kwa mkono wa koti. "Ndilo hili," alisema. "Msilisogelee."

Verediana alivaa barakoa na glavu, akaanza kuchambua jani kwa jani. Hakujua anatafuta nini. Alitoa maganda ya karanga, mengi. Akatoa pini kubwa ya kufungia kitenge. Mwishoni, kutoka kwenye mpasuko wa juu, akatoa karata moja, saba ya kopa, imevimba kwa maji na kukauka.

Akavipanga juu ya gazeti. Watu wazima walikaa juu ya majani haya, wanaume kwa wanawake. Walikaa muda wa kula karanga, wa kucheza karata na kupoteza moja, wa mama kufungua kitenge ajilaze. Na mvua iliwanyeshea wakabaki palepale. Kwenye arusi mvua ikinyesha watu wanakwenda kwao.

"Msibani," alisema.

"Nini?" aliuliza Ipyana.

"Haya majani yalitandikiwa watu msibani, Daktari. Na mwezi wa nne mvua ilikuwa hainyamazi."

Nyumba ya marehemu Amos ilikuwa pembeni mwa Igowole, imezungukwa na migomba michache na miparachichi. Mjane wake, Faustina, alikuwa barazani anapukuchua maharage. Kwenye kichanja cha vyombo kulikuwa na sahani mbili na vikombe viwili. Kwenye waya kulikuwa na shati la kiume. Lilikuwa limefuliwa sana, lakini kifuani na mikononi lilibaki na weusi uliokataa kutoka.

"Kamwene, mama," alisema Verediana.

"Kamwene, mwanangu. Kaa hapo kwenye kiti. Viti ninavyo sasa. Siku ile havikutosha."

"Ndiyo siku niliyoijia, mama. Watu walikaa wapi?"

Faustina aliendelea kupukuchua. "Walikuja wengi. Amos alijuana na watu. Kasian akaleta marobota ishirini kwa trekta la shamba, tukayapanga chini ya turubai. Majani yale Amos aliyakata mwenyewe kabla hajaugua. Nikasema hewaa, wenzake wayakalie. Siku tatu watu walilala hapo. Mvua nayo siku tatu. Turubai lilivuja kama chekecheo."

"Yakarudi shamba yamelowa?"

"Yakarudi."

"Nani aliamua?"

Maharage yalidondoka sahanini, moja, mbili, tatu.

"Kasian alitaka tuyaache hapa yaoze, yawe mbolea. Dereva wa trekta akasema Meneja kaagiza kila kilichotoka shamba kirudi shamba."

"Meneja alijua yamelowa?"

"Aliyakalia, mwanangu. Alikuja kuzika. Alikaa pale, karibu na nguzo, akala wali, akanyanyuka suruali imelowa nyuma. Wanawake walicheka mpaka nikawakemea, nami nina maiti ndani."

"Sasa Brigedia kafa, Kasian anatafutwa kwa kosa la kumuua, na nyote mmekaa kimya. Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza mikono ya yule mama ilitulia. "Wewe ungeanzia wapi? Usimame mbele za watu useme msiba wa Amos umemuua Brigedia? Amos alimpokea farasi yule anazaliwa. Alimkausha kwa koti lake."

Verediana aligeuza uso kuelekea mlango wa chumba. Hakupaza sauti.

"Kasian. Shati lako limekauka."

Kitanda kililia, na mwanaume mrefu, mwembamba, akatoka peku. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala siku mbili. Hakujaribu kukimbia. Alikaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya Faustina.

"Pakiti ya sumu," alianza Verediana.

"Ya panya wa stoo. Kila aliyelala chumba kile alikuwa nayo."

"Ulianza lini kuona dalili?"

"Wiki tatu. Jicho lililegea kwanza. Halafu maji yakawa yanarudi puani. Halafu damu, tone tone, mara mbili."

"Ulimwambia nani?"

"Meneja. Mara ya kwanza akasema ni vumbi, kajikwaruza. Mara ya pili nikasema tuite daktari, na yale majani ya kona tuyatoe, yananuka. Akaniambia, 'Unataka nimwambie mwenye shamba kwamba tunawalisha farasi wake majani ya msibani?'"

"Maneno matupu kila mtu anayo. Una kitu cha kunionyesha?"

Kasian alisita, akamtazama mjane. Faustina akaitikia kwa kichwa. Kasian akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akaifungua. Kulikuwa na picha ya jicho la farasi, kope imeshuka. Picha ya pili ilikuwa kitambaa cheupe chenye doa jekundu. Zote zilitumwa kwa Didas, ya kwanza siku kumi na tisa zilizopita, ya pili siku sita. Chini ya kila moja kulikuwa na tiki mbili za bluu. Hakuna jibu.

Verediana alisoma tarehe mara mbili. Mtu mwenye ushahidi kama huu hakimbii.

"Kwa nini uliondoka?"

"Nilimkuta bado amesimama. Damu inatoka kama bomba limekatika. Nikamshika kichwa, akaniegemea. Alipoanguka nikajua ni nani aliyekuwa anampa yale majani kila asubuhi. Meneja hakuwahi kushika robota, Afande. Ni mimi. Nilijua yananuka, nikampa. Nilikuja kumwambia mama kwanza, halafu miguu ikakataa kurudi."

"Ulitaka kumwambia nini?"

"Kwamba kaburi la mzee sitalijenga. Sistahili."

"Nyamaza," alisema Faustina. "Utalijenga."

Saa kumi jioni Verediana aliweka karata, pini na simu juu ya meza ya Didas. Ipyana alisimama karibu na dirisha.

"Ulisema hata tone, Meneja."

Didas aliitazama simu bila kuigusa. "Nilidhani ni mafua. Farasi anatokwa na kamasi kila siku."

"Kamasi nyekundu?"

"Afande, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ningenyima trekta msiba wa Amos? Watu wangenisema mpaka wajukuu. Na yakirudi niyatupe, mwenye shamba aulize yako wapi?"

"Trekta ulifanya vizuri. Sijauliza trekta. Nauliza jana. Ulimkuta farasi amekufa, ukachoma majani, ukasoma pakiti ya sumu, halafu ndiyo ukatupigia simu. Kwa mpangilio huo. Kwa nini?"

Didas aliisukuma karata kando. Kisha akaomba maji.

Nje, Ipyana alimvuta Verediana pembeni. "Nikwambie ukweli. Siwezi kuapa mahakamani kwamba ni marobota yale. Kuvu ipo hewani kila mahali, na farasi saba waliobaki walikula hayohayo, sita hawana kitu. Ninachoweza kusema ni kwamba yale hayakufaa kuliwa, na kwamba daktari angeitwa siku ya picha ya kwanza, huenda Brigedia angekuwa hai."

"Na sumu?"

"Sumu haikuwepo. Hilo naapa."

"Linatosha."

Jioni ile, kwenye jalada, jina la Kasian Kalinga lilitolewa upande wa watuhumiwa likaandikwa upande wa mashahidi. Didas alichukuliwa maelezo kwa kutoa taarifa ya uongo polisi na kuharibu kielelezo, na atakuwa anaripoti Mafinga kila Jumatatu. Stoo imefagiliwa na majani yote sasa yanaloweshwa papo hapo kabla ya kulishwa, ili vumbi litulie. Tabitha atafungwa mshipa Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa mbele ya banda, na atakayemshika kichwa ni Kasian.